Draivu ya CD ya PS5: nimenunua, nimetumia miezi minne, haya maoni yangu

Nianze na bei maana najua ndo swali la kwanza. Laki tatu na thelathini, Kariakoo, na hapo tumeanzia laki tatu na tisini tukavutana karibu nusu saa mpaka muuzaji akaniambia "kaka hapo nakuachia kwa hasara", ile hasara yao ya kila siku. Marekani hii draivu ilitoka kwa dola 79.99 na Uingereza paundi 99.99, kwaiyo hapo katikati kuna usafiri, kuna ushuru, kuna kodi ya fremu, na kuna sura yangu ambayo ilikua inaonyesha kabisa kwamba huyu mteja haondoki bila mzigo.

Kwa wasiofatilia: PS5 ni mashine ya gemu ya Sony, na nikisema CD hapa namaanisha hizi diski za gemu na muvi kwa ujumla. Zile PS5 nyembamba zilizoanza kutoka Novemba 2023 zipo za aina mbili, ya CD na isiyo na CD ambayo wanaiita dijito. Kwenye zile nene za mwanzo za 2020 ukishachukua dijito ndo imetoka, hakuna kurudi nyuma. Hizi nyembamba wakabadilisha, mdomo wa CD umekua kifaa cha kuchomeka na kuchomoa, unauzwa peke yake kwenye boksi lake. Alafu ikaja PS5 Pro, ile yenye nguvu zaidi, Novemba 7, 2024, dola 699.99, na hiyo hata ukiwa na hela za kumwaga haina mdomo wa CD, lazima uununue pembeni. Watu walichukia sana. Pro ilipotangazwa tu draivu zikapotea madukani huko kwa wenzetu kwa sababu kila mtu alikua ameshapiga hesabu.

Mi ninayo nyembamba dijito, aliniletea mtoto wa mjomba kutoka Dubai, na nilivyoiagiza nilijiona mjanja. Dijito ilikua dola 449.99 na ya CD dola 499.99, nikasema hiyo hamsini naiokoa, CD za nini zama hizi. Sasa fanya hesabu: 449.99 jumlisha 79.99 unapata karibu 530. Yaani ujanja wangu umenigharimu dola 30 juu ya mtu aliyenunua ya CD toka siku ya kwanza, na hapo nimetumia bei ya Marekani, ukiweka ya Kariakoo sitaki hata kuongea.

Kuifunga ni rahisi kuliko nilivyotegemea, hilo niwape haki yao. Unazima mashine na kuchomoa waya wa umeme, unakamata ile plastiki ya pembeni upande wa chini unaivuta kwa pembe, inatoa mlio kama unavunja kitu na roho inakuruka, alafu kuna nafasi imekaa wazi inakusubiri, unasukuma draivu mpaka inasema tak. Hakuna bisibisi wala fundi. Unarudishia plastiki yenye uwazi wa kuingizia CD na kazi imeisha, dakika tatu labda nne. Mashine inakua na kitambi upande mmoja, ikilazwa huioni sana ila ikisimama inaonekana kama mtu aliyebeba kitu mfukoni. Na kama unataka isimame vizuri kile kistendi nacho kinauzwa peke yake, dola 29.99. Hawa jamaa siku moja watatuuzia waya wa umeme pembeni.

Ila kuna jambo muuzaji aliniambia halipo na lipo. Nilimuuliza mara mbili, hii inahitaji intaneti? Akasema hapana bro we chomeka tu. Nimefika nyumbani saa tatu usiku, nimefunga, nimewasha, tivi inaniambia unganisha intaneti ili draivu itambulike na mashine yako. Bando lilikua limekata jioni ile ile kwa sababu dogo alikua anashusha gemu, na nilikua nimeshavaa bukta. Nikavaa tena suruali nikatoka kutafuta vocha. Ni mara moja tu, ikishatambulika basi inakula CD hata bila intaneti, lakini mtu anayenunua anatakiwa ajue mapema, maana ina maana hiki kifaa kinaomba ruhusa kwa Sony wenyewe ndo kifanye kazi. Ukikihamishia kwenye PS5 nyingine unaunganisha upya. Watu wanaojali mambo ya miaka ishirini ijayo wanauliza, siku zile seva zikizimwa alafu draivu yangu ikafa nikanunua nyingine, nani ataitambulisha? Swali zuri. Mi mashine zangu huwa zinakufa kabla ya seva kwa sababu ya umeme wetu, ila swali ni zuri.

Sasa muvi, maana wengi wanaoniuliza wanauliza kwa ajili ya muvi.

Draivu inacheza DVD, Blu-ray (CD za muvi zenye picha kali kuliko DVD), na zile Blu-ray za 4K, picha kali zaidi, zenye kava jeusi. Nilianza na moja ya 4K niliyotumiwa kutoka Uingereza, muvi ya jangwani, nikazima taa, nikafunga pazia, nikakaa. Aisee. Kuna sehemu watu wanatembea usiku na nyuma yao kuna kilima, na hiyo hiyo muvi nilishaiona kwa kustrimu, yaani kuangalia moja kwa moja mtandaoni, kile kilima kilikua kama tope, miraba miraba ya kijivu inacheza cheza kwenye giza. Kwenye CD giza ni giza kweli, na ndani ya giza unaona mstari wa kilima umekaa pale pale hautikisiki, unaona mchanga kama mchanga. Sababu sio uchawi. Kustrimu 4K wanakupimia mzigo, Netflix wenyewe wanasema Mbps 15 (kipimo cha spidi ya data) inatosha, wakati CD ya 4K inaweza kuvuka Mbps 100 pale picha inapokua nzito, na CD yenyewe inabeba GB 50, 66 au 100. Hakuna kusubiri, hakuna ule mzunguko katikati ya tivi, hakuna jirani aliyeunganisha Wi-Fi yako. Sauti nayo, spika zangu ni za kawaida kabisa lakini nilisikia mvua inatoka nyuma ya kochi mpaka nikageuka.

Alafu nikatafuta muvi ya pili na nikakumbuka nakaa Dar.

Wapi utapata Blu-ray orijino hapa? Nimezunguka. Kuna sehemu wana DVD zile za mchina, CD moja muvi kumi na mbili, za kutafsiriwa zipo kwenye flashi siku hizi hata CD hawachomi tena, unaenda na flashi yako anakujazia. Blu-ray za kweli mpaka uagize au uwe na ndugu mwenye huruma. Mpaka leo ninazo tisa. Ukichukua laki tatu na thelathini ukagawa kwa tisa, kila muvi imenigharimu karibu elfu thelathini na saba kabla sijalipia muvi yenyewe. Kwa hela hiyo nalipia huduma ya kustrimu na chenji ya chipsi inabaki.

Na hata hizo chache kuna mtego, sikiliza vizuri hapa. DVD na Blu-ray zina kanda, yaani zinafungwa zicheze kwenye mashine za upande fulani wa dunia tu. Kwa DVD, Afrika sehemu kubwa ikiwemo sisi tumewekwa kanda ya 5, wakati Ulaya na Uarabuni ni ya 2 na Marekani ni ya 1. Kwa Blu-ray sisi tuko B pamoja na Ulaya na Uarabuni, Marekani wako A. PS5 yangu ni ya Dubai, kwaiyo Blu-ray za Uingereza zinaingia bila shida ila shemeji yangu aliyeko Marekani akaniletea mbili kwa moyo wake mzuri kabisa, zote zikagoma, nikamwambia nimezipenda sana. Zile za 4K ndo hazina kanda, unanunua popote dunia hii. Kwaiyo kama PS5 yako imetoka Marekani na Blu-ray zako zinatoka London, umenunua sahani ya kuwekea kikombe. CD za gemu hazina huo ubaguzi, zinacheza popote, ila vikolombwezo vya kununua ndani ya gemu lazima vitoke kwenye akaunti ya upande ule ule CD ilipotoka, hapo watu wengi wanalia, ana CD ya Dubai na akaunti ya Marekani alafu anashangaa pointi alizonunua hazionekani.

Mengine ya haraka. Haina Dolby Vision, ile ya kuboresha rangi na mwanga wa picha, wenye tivi za bei mbaya wanalalamika, mi tivi yangu haijui hata hicho kitu ni nini. Muvi za 3D haichezi. Inapoanza kusoma CD inanguruma kidogo alafu inatulia. Rimoti ya kuchezea muvi inauzwa pembeni, unaweza kutumia pedi ila pedi inajizima na ukigusa kitufe kwa bahati mbaya umerushwa mbele nusu saa.

Na CD za muziki haichezi. Kabisa. Narudia kwa sababu mi mwenyewe sikuamini.

Hili ndo lilinitia aibu mbele ya mama. Mama alikua amekuja kukaa na sisi wiki mbili, akaona naingiza CD kwenye mashine, akauliza hiyo inaonyesha picha? Nikamwambia mama hii inaonyesha picha mpaka utaona vinyweleo. Kesho yake kumbe ametuma mtu nyumbani, analeta mfuko wa rambo, ndani kuna VCD mbili za harusi ya dada, 2004, kava limechapwa maua ya waridi na herufi za dhahabu, zimefungwa na kitambaa. Kakaa kwenye kochi na kanga yake amejiandaa. Naingiza. Mashine inakula, inanguruma, inafikiria, inatema. Nageuza nafuta na fulana naingiza tena. Inatema. VCD ni familia ya CD za zamani na hii draivu haisomi kabisa hizo, sio kwamba CD ni mbovu. Mama akaniangalia, akaniuliza, "Hii umesema umenunua shilingi ngapi?" Sikujibu. Ile wiki nikamnunulia deki ya DVD, elfu arobaini na tano, mpya na rimoti yake, ikacheza harusi yote mpaka kwenye keki, na VCD zenyewe zimekwaruzika hatari lakini deki ya mchina haina maringo.

Kwaiyo kama unaitaka hii draivu kwa sababu una begi la VCD za bongo muvi za enzi zile, au nyimbo za taarabu za bibi kwenye CD, isahau. Deki.

Hapo sasa inabidi niwape historia kidogo maana haya mabishano ya "mdomo wa kuongezea" sio mapya, na mi binafsi nilishawahi kuumwa na huyu huyu nyoka. Au tuseme nilishawahi kumuokota akiwa amekufa.

PS2 ilivyotoka 2000 ilikua inacheza DVD ndani kwa ndani, na watu wengi duniani deki yao ya kwanza ya DVD ilikua PS2. Mwaka uliofata Xbox ya kwanza, mashine ya Microsoft, ikaja, nayo ndani ina uwezo wa kusoma DVD, lakini ili ucheze muvi ulitakiwa ununue rimoti na kidude chake cha kuchomeka mbele, dola 29.99. Kidude kile ndo kilikua ufunguo. Kwa upande wa mteja ni kama kununua nyumba alafu choo wakakuuzia ufunguo.

Alafu ikaja vita ya kweli. 2006, dunia ina aina mbili za CD za muvi zenye picha kali, Blu-ray ya kina Sony na HD DVD ya kina Toshiba. Sony wakaiweka Blu-ray ndani ya PS3 na bei ikapaa, dola 499 na 599. Microsoft wakasema sisi hatumlazimishi mtu, Xbox 360 itabaki ilivyo, anayetaka HD DVD anunue draivu ya pembeni, dola 199.99, inachomekwa na waya wa USB na ina waya wake wa umeme. Ilitoka Novemba 2006, mwezi ule ule wa PS3. Kwa masikio ilikua inasikika vizuri, uhuru wa kuchagua. Lakini kaa chini na kalamu, Xbox 360 yenye diski ya ndani ya kuhifadhia dola 399, jumlisha 199, unapata karibu 600, bei ile ile ya PS3 kubwa iliyokua inatukanwa kwamba ni ghali. Na kosa kubwa zaidi, ile draivu ilikua haichezi gemu. Hata moja. Magemu yote ya 360 yaliendelea kutoka kwenye DVD za kawaida, lile boksi la pembeni lilikua la muvi tu, na juu ya hapo 360 za mwanzo hazikua na tundu la HDMI, lile la kupeleka picha kali kwenye tivi.

Januari 4, 2008 Warner Bros wakatangaza wanahamia Blu-ray peke yake. Februari 19 Toshiba wakanyoosha mikono. Siku chache baadaye Microsoft wakaacha kuitengeneza na Marekani bei ikaangushwa mpaka dola 49.99. Miezi kumi na tano tu toka izaliwe.

Mi ndo niliingia hapo. Nilikua Coventry nasoma, hela ya kula yenyewe ya mawazo, nikapita dukani nikakuta draivu imewekwa kwenye kikapu cha mwisho pamoja na rundo la HD DVD paundi mbili mbili, mtu mzima anazipanga kwa huzuni. Nilitoa paundi thelathini na tano na kubeba draivu na muvi saba. Wenzangu bweni zima walinicheka, umenunua maiti. Lakini mnajua nini, kwa mwanafunzi lile lilikua dili bora kuwahi kutokea. Waya wa VGA kwenye skrini ya kompyuta, picha kali ambayo wenye PS3 walikua wanalipia mara kumi, na HD DVD hazikua na kanda hata kidogo, nikawa naagiza za Marekani zinacheza kama kawaida. Walionicheka walikua wanakuja usiku kuangalia. Mwaka mzima niliishi hivyo.

Nilivyorudi nikaja nayo, plagi zetu na za Uingereza ni zile zile kwaiyo haikunisumbua. Ipo mpaka leo kabatini. Mwaka jana niliiwasha kwa udadisi, draivu nzima, ila kati ya CD thelathini na kitu nilizokua nimekusanya nane hazisomeki tena, ukizishika kwenye mwanga hazina hata mkwaruzo, zimeoza kwa ndani tu, zote za studio moja ambayo sitaki kuitaja jina. Hilo nalo mliweke kichwani nyie mnaosema CD ni ya milele.

Nimesimulia yote hayo kwa sababu hapo ndo utaona thamani ya hii draivu ya PS5 iko wapi. Ile ya 2006 ilikua ya muvi peke yake, kwaiyo muvi zilipohama ikabaki tofali. Hii inabeba muvi na gemu kwa mdomo mmoja, na kwa sisi wa huku gemu ndo kila kitu.

Angalia. Akaunti za PlayStation hazina Tanzania kwenye orodha ya nchi, tunafungua za Marekani au Uingereza au Dubai, alafu tunanunua kadi za kujaza salio kwa watu, kadi ya dola hamsini unauziwa kwa bei anayoamka nayo. Ukishanunua gemu la kushusha ni lako na akaunti yako, huliuzi, humpi mtu, ukilichoka linakaa pale linakutazama. Na kulishusha lenyewe GB 80, GB 100, kwa bando la simu ni ndoto, mpaka uwe na faiba au uende ofisini na mashine kwenye begi, nimefanya hivyo msicheke.

CD ni mali. Nilinunua FC mpya, lile gemu la mpira, kwa laki na sitini, nimecheza miezi mitatu, nimeiuza laki na ishirini kwa kijana wa Sinza tena kwa simu mbili tu. Elfu arobaini ndo gharama yangu ya miezi mitatu. Gemu la pili nilibadilishana, CD kwa CD, hakuna hela iliyotoka. La tatu niliazima. Na kuna hazina nyingine watu wanaisahau, CD za PS4 zinaingia humu, na za PS4 zimejaa mtaani kwa bei ya kutupa kwa sababu watu wanauza mashine na kila kitu, nimeokota za elfu ishirini, elfu thelathini, magemu makubwa kabisa ambayo mtandaoni bado wanataka dola arobaini. Za PS3 kurudi nyuma haichezi, msijisumbue. Kwa hesabu yangu ya daftari, laki tatu na thelathini imerudi kwenye gemu la nne. Muvi hazijarudisha hata nauli ya daladala.

Sio kwamba CD imemaliza shida ya bando. Gemu bado linajimwaga lote kwenye diski ya ndani, kwaiyo nafasi haijaokoka, na ukishaingiza tu linaomba apdeti ya GB kadhaa. Kuna maboksi mengine ukifungua hakuna CD, kuna karatasi ya namba tu, uliza kabla hujalipa. Na lazima CD ikae ndani ndo ucheze, mi hiyo sioni kama tabu ila dogo analalamika kunyanyuka, umri wa miaka kumi na tisa.

Huyo dogo, wa kwa mama mdogo, ndo tumebishana naye wiki nzima. Yeye anakusanya hela anataka Pro, anasema CD ni mambo ya wazee, ye atashusha kila kitu. Nikamwambia sawa, Pro ilitoka kwa dola 699.99, na huko Marekani Agosti 2025 wakaipandisha mpaka 749.99, ukija kubadili mawazo unaongeza draivu, kwa bei hiyo unafika dola 830 kwa mashine ya kuchezea mpira. Akasema sitabadili mawazo. Hiyo sentensi naijua, mi mwenyewe niliisema kwa mtoto wa mjomba kwenye simu.

Ushauri wangu kwa asiyekua na mashine bado: chukua nyembamba ya CD toka mwanzo, usipitie njia yangu. Mwenye dijito tayari na anacheza mpira na anajuana na watu wenye CD, nunua draivu, ila mwambie muuzaji afungue boksi uone ile plastiki ya kufunikia ipo, na uwe na bando. Anayetaka muvi peke yake aache, hela hiyo ongeza kidogo utafute deki ya Blu-ray ya mtumba au tulia na kustrimu. Na mwenye mama mwenye VCD za harusi anajua cha kufanya, deki yangu ipo chini ya PS5 sasa hivi, nyaya zote zimeingia kwenye tivi moja na watoto wa jirani wakija wanauliza ile nyingine ni PS ngapi.

Dogo juzi kaja kuazima CD mbili za PS4, anasema ni za kumpelekea rafiki yake. Rafiki yake gani hakusema, na CD hazijarudi.